Motokaa Hii ni ya Nchi Gani?

Huenda wengi wenu mwajua ya kuwa tangu mwaka jana Chama cha Jiografia cha shule yetu kina daftari kubwa la magari. Siku za Jumamosi wale wenye ruhusa hutembea hadi barabara kuu itokayo Malaba, wakakaa kivulini na kuandika kila gari lipitalo. Na siku ya wazazi huandika yale yaliyoegeshwa chini ya miembe. Kila modeli hupewa mstari wake mmoja, na mstari umegawanywa katika safu: jina la kampuni, jina la modeli, mwaka ilipoanza kuuzwa, kazi yake, na nchi ya asili. Safu nne za kwanza hazikututia taabu. Ni hii ya tano iliyotugombanisha, hata mimi niliye mwandishi wa daftari nikatumia siku nyingi za likizo kutafuta njia. Niliyoyapata nayaandika hapa, kwa kuwa naamini yatamfaa hata yule asiyejua kutofautisha klachi na breki.

Ugomvi uliletwa na Peugeot 504. Gari hili halina haja ya kujulishwa kwa wakubwa zetu waliotutangulia hapa shuleni. Lilikuwa teksi, lilikuwa gari la daktari na la mkuu wa wilaya, na lilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka wa 1975 na tena mwaka wa 1978. Sisi tuliandika “Ufaransa” bila kusita, maana Peugeot ni kampuni ya Kifaransa na 504 ilitolewa huko mwaka wa 1968. Kumbe mwenye gari, mzee mmoja aliyesoma hapa kabla ya baba zetu kuzaliwa, alikuwa amesimama nyuma yetu akisoma daftari.

“Mwanangu,” akasema, “nani aliyekuambia gari hili limetoka Ufaransa? Miaka hiyo nilikuwa kazini Kenya. Vipande vilifika katika masanduku, sisi tukavichomelea, tukavipaka rangi, tukafunga injini. Gari lilitoka mlangoni kwa mikono yetu. Futa hiyo.”

Nikamjibu, “Shikamoo mzee, tutalitazama jambo hili,” wala sikufuta. Lakini alipokwisha kuondoka, wenzangu walikuwa wamegawanyika pande mbili. Wa kwanza walisema mzee ana haki: kitu ni cha mahali kilipoundwa, kama chungu kilivyo cha mfinyanzi. Wa pili walisema kampuni ndiyo yenye gari, na kampuni ni ya Kifaransa, basi. Mmoja alitaka tuandike nchi zote mbili, mwingine akataka safu yenyewe ifutwe tuepukane na udhia.

Ni kweli mzee hakusema uongo. Peugeot 504 ziliunganishwa Kenya kwa miaka mingi. Ziliunganishwa pia Kaduna, Nigeria, katika kiwanda kilichofunguliwa mwaka wa 1975, nazo ziliundwa hata Argentina. Ufaransa wenyewe waliacha kuunda 504 ya abiria mwaka wa 1983, lakini Nigeria iliendelea nayo zaidi ya miaka ishirini baada ya hapo. Kijana wa Kaduna aliyezaliwa mwaka wa 1985 hakuona kamwe 504 mpya ya abiria iliyotoka Ufaransa. Zote mpya alizoziona zilitoka katika mji wake. Mwambie kijana huyo ya kuwa gari lile ni la Kifaransa, naye atakutazama kama mzee wetu alivyotutazama.

Basi tufanyeje? Nilipokaa na jambo hili niliona ya kuwa ugomvi wetu haukuwa juu ya nchi hata kidogo. Tulikuwa tukisema juu ya vitu viwili kwa jina moja. Mzee alikuwa anasema juu ya gari lake, lile moja, lenye mlango alioujua na mkwaruzo ubavuni. Daftari letu lilikuwa linasema juu ya modeli, yaani ile 504 ambayo haina mlango wala mkwaruzo, bali ni mpango wa kuundia magari mengi yafananayo.

Mfano mwepesi ni kitabu. Shaaban Robert alikuwa mtu wa Tanga, na vitabu vyake kadhaa vilipigwa chapa Uingereza. Ukiwa na nakala moja mkononi, ukaulizwa, “Nakala hii imetoka wapi?” utatazama ukurasa wa mbele na kusema, labda, Uingereza. Lakini ukiulizwa, “Kitabu hiki ni cha wapi?” huwezi kusema Uingereza, hata kama nakala zote elfu za kwanza zilivuka bahari kuja kwetu. Maneno yalitungwa huku. Mpiga chapa anastahili sifa ya chapa yake. Mtungaji anastahili sifa ya utungo.

Basi modeli ya motokaa ni kama kitabu, na gari moja ni kama nakala. Mwenye kuandika orodha ya modeli aulize: mpango huu ulitungwa wapi, na ni wapi ulipotolewa kwanza na watu wenye mamlaka ya kusema, “Hii ndiyo”? Mwenye kuandika orodha ya magari, kama mtunza makumbusho aliye na gari moja ukumbini, aulize: hili liliundwa katika kiwanda gani? Maswali haya yana majibu mawili, na yote mawili yaweza kuwa kweli siku moja.

Jambo hili laonekana wazi sana katika Volkswagen ile ya mgongo wa duara, ambayo wengi waliiita kobe. Michoro yake ilifanywa Ujerumani katika miaka ya 1930 chini ya Ferdinand Porsche, na baada ya vita iliundwa kwa wingi Wolfsburg. Ujerumani iliacha kuiunda mwaka wa 1978. Je, ilikufa? Haikufa. Iliendelea kuundwa Puebla, Mexico, na ya mwisho ikatoka kiwandani tarehe 30 Julai 2003. Kwa jumla ziliundwa zaidi ya milioni 21. Sasa mtu aliye na kobe ya mwaka wa 1995 ana gari la Mexico, bila shaka yoyote. Wafanyakazi wa Puebla ndio walioliunda. Lakini ukiandika modeli ya kobe kuwa ya Mexico kwa sababu ndiko ilikoishia, utakuwa umesema mtu ni mwenyeji wa mahali alipozikwa.

Hadi hapa njia ni nyoofu. Taabu huanza pale mpango wa nchi moja unapochukuliwa na nchi nyingine, ukabadilishwa, ukapewa jina jipya, ukaanza maisha yake wenyewe. Hapa natumia maneno zaidi, kwa sababu ndipo akili yangu ilipopata kazi.

Mwaka wa 1966 kampuni ya Fiat ya Italia ilitoa motokaa iitwayo 124. Mwaka huo huo Fiat ilipatana na serikali ya Kisovyeti, kikajengwa kiwanda kikubwa katika mji uliopewa jina la Togliatti, aliyekuwa kiongozi wa Wakomunisti wa Italia. Mwaka wa 1970 ikatoka VAZ-2101, ambayo ng'ambo ilijulikana kwa jina la Lada. Ukizitazama hizi mbili kwa mbali, ni pacha. Lakini barabara za Urusi si barabara za Torino. Wahandisi walifanya mabadiliko mamia: bati lilifanywa nene zaidi, gari likainuliwa juu ya ardhi, breki za nyuma za sahani zikaondolewa zikawekwa za ngoma zisizoogopa matope, na injini ikawa ya namna nyingine. Kutoka katika modeli hiyo wakazaa nyingine na nyingine, na ukoo huo uliundwa Urusi hadi mwaka wa 2012, wakati Fiat 124 yenyewe ilikuwa imesahauliwa zamani Italia.

Je, VAZ-2101 ni ya Italia? Nasema si ya Italia. Ina mama Mwitalia, lakini yenyewe ni mtoto aliyezaliwa kwingine. Kwa hiyo nilipendekeza daftari letu liwe na safu ya sita, “Imetokana na,” na humo twaandika Fiat 124. Msomaji aone ukoo, wala ukoo usichukue mahali pa asili.

Nilijitengenezea maswali matatu ya kupimia mambo kama haya. Je, michoro ilibadilishwa kwa kiasi cha kutosha, hata vipande vingine vya moja visikubali kuingia katika ya pili? Je, ilipewa jina lake? Je, waundaji wapya waliweza kuendelea nayo na kuibadilisha bila kuomba ruhusa kwa wa kwanza kila mara? Lada yajibu ndiyo kwa yote matatu. Peugeot 504 ya Kenya yajibu hapana kwa yote matatu: jina lile lile, michoro ile ile, na masanduku yalitoka kwa wenye mpango. Kwa hiyo modeli ilibaki ya Ufaransa, hata kama gari la mzee ni la Kenya.

Lakini maswali yangu hayakumaliza kazi, maana yupo Ambassador wa India. Huyu aliwahi kuwa Morris Oxford wa Uingereza, mtindo wa tatu, ulioundwa Cowley katika miaka ya 1950. Kampuni ya Hindustan ilichukua mpango huo mwishoni mwa miaka hiyo, ikauunda Uttarpara karibu na Kolkata, ikabadilisha uso na baadaye injini, lakini mwili ukabaki ule ule hadi mwaka wa 2014. Swali la kwanza lajibiwa nusu. Swali la pili lajibiwa ndiyo, na la tatu ndiyo. Mimi nimeandika “India,” na katika “Imetokana na” nikaandika Morris Oxford. Rafiki yangu wa dawati moja hakubali. Asema mwili ndio gari, na mwili ni wa Cowley. Namwambia ya kuwa Morris huyo aliishi miaka michache tu kwao, na Ambassador aliishi zaidi ya nusu karne, akapanda mawaziri na maharusi na wagonjwa wa India yote. Ukimwuliza mtu yeyote wa Kolkata atakucheka ukimwambia ni Mwingereza. Naye hunijibu ya kuwa kucheka si ushahidi. Haya, na msomaji aamue.

Jambo jingine ambalo hatujapatana ni Polo Vivo. Volkswagen ilianza kuiuza Afrika Kusini mwaka wa 2010. Ilitokana na Polo ya Ujerumani, ikatengenezwa upya kidogo kwa ajili ya wanunuzi wa Afrika Kusini, na jina lake likawa la huko. Kisha mwishoni mwa mwaka wa 2016 ikaanza kuunganishwa Thika, Kenya. Hapo una Ujerumani, Afrika Kusini na Kenya ndani ya gari moja dogo la milango minne. Katika daftari kuna alama ya kuuliza kwa penseli, na itabaki mpaka tupatane.

Sasa nieleze habari ya namba, kwa kuwa wengi hudhani namba ya chasisi yamaliza maneno yote. Yasaidia sana, lakini yataka kusomwa kwa akili. Magari ya siku hizi ya nchi nyingi yana namba ya herufi na tarakimu 17. Herufi I, O na Q hazitumiki, zisije zikadhaniwa kuwa 1 na 0. Alama ya kwanza yaonyesha upande wa dunia au nchi: J ni Japani, W ni Ujerumani, L ni China, 1, 4 na 5 ni Marekani, 2 ni Kanada, 3 ni Mexico. Alama tatu za kwanza pamoja zaonyesha muundaji. Kwa hiyo Volkswagen yenye WVW ina muundaji wa Ujerumani, yenye 3VW ni ya Mexico, na Toyota yenye AHT ni ya Afrika Kusini. Ukipata Hilux barabarani, usiandike “Japani” katika orodha ya magari kabla ya kuinama na kusoma. Huenda iliundwa Durban.

Lakini tazameni mtego. Volkswagen Touareg huanza kwa W, nayo tangu mwaka wa 2002 imekuwa ikiundwa Bratislava, katika nchi ya Slovakia. Herufi ya kwanza imetaja kwao muundaji, wala haikutaja kiwanda. Kiwanda huonyeshwa ndani zaidi, kwa kawaida katika alama ya 11, na kila kampuni ina alama zake. Mwandishi mvivu asomaye herufi moja na kufunga kitabu ataandika Touareg zote kuwa zimeundwa Ujerumani.

Mtego wa pili uko mbele ya macho yetu kila siku. Magari mengi yapitayo Malaba ni yale yaliyotumika kwanza Japani. Toyota Premio, kwa mfano, ilianza mwaka wa 2001 na iliuzwa mpya kwa Wajapani tu, hata ilipokoma mwaka wa 2021. Kwetu imejaa tele, na wala haikuletwa mpya kuuzwa hapa. Magari haya hayana namba ya alama 17. Yana namba fupi: kwanza jina la siri la modeli, kama NZT240 kwa Premio mojawapo, kisha kistari, kisha tarakimu saba. Mtu akitafuta herufi J mwanzoni haioni, naye huanza kusema gari ni la bandia. Si la bandia. Namba fupi ya namna hiyo yenyewe ni dalili ya kuwa gari lilikusudiwa kuuzwa ndani ya Japani. Bruda anayesimamia karakana alitufundisha kuisoma kwenye kibati ndani ya boneti, na tangu siku hiyo wadogo wa kidato cha kwanza wanawasumbua madereva wote wafunue boneti.

Mwenye mali asitupoteze. Land Rover ilionyeshwa mara ya kwanza mwaka wa 1948, ikaundwa Solihull, Uingereza. Tangu hapo kampuni imepita mikono mingi: mwaka wa 1994 ilinunuliwa na BMW ya Ujerumani, mwaka wa 2000 na Ford ya Marekani, na mwaka wa 2008 na Tata ya India. Kama nchi ya asili ingefuata mwenye mali, Land Rover moja ya mwaka wa 1960 ingekuwa imebadilisha uraia mara tatu nayo imesimama tu uwanjani inaota kutu. Mwenye mali aandikwe kwingine. Lakini Defender ina jambo lake. Ile ya zamani iliundwa Solihull hadi Januari 2016. Defender mpya huundwa Nitra, Slovakia, ijapokuwa michoro yake ilifanywa Uingereza. Kwa kipimo chetu modeli zote mbili ni za Uingereza. Magari yenyewe ni ya nchi mbili.

Zipo pia nchi zilizokufa, na motokaa zao bado zinatembea. Trabant iliundwa Zwickau, katika Ujerumani ya Mashariki, tangu mwaka wa 1957. Nchi hiyo ilikwisha tarehe 3 Oktoba 1990, Ujerumani ilipoungana, nayo Trabant ikaendelea kuundwa hadi Aprili 1991. VAZ-2101 ilizaliwa katika Muungano wa Kisovyeti ambao haupo tena. Mimi naona yafaa kuandika jina la nchi kama lilivyokuwa mwaka modeli ilipotolewa, kisha katika mabano jina la leo la mahali pale. Barua iliyopigwa muhuri Dar es Salaam mwaka wa 1955 ilitoka Tanganyika, na hakuna posta atakayeibadilisha. Hata hivyo, anayetafuta magari yote ya Urusi katika daftari aweze kuyaona, ndiyo sababu ya mabano.

Mtu ataniuliza, “Kwa nini kujisumbua hivi kwa neno moja?” Kwa sababu neno hilo huuza na kununua. Mwaka wa 1887 Waingereza walitunga sheria ya kulazimisha bidhaa za kigeni ziandikwe nchi zilikotoka, wakitumaini ya kuwa wanunuzi wao watazikataa bidhaa za Wajerumani. Haikupita miaka mingi, wanunuzi wakaanza kuyatafuta maneno “Imetengenezwa Ujerumani” kama alama ya ubora. Leo afisa wa forodha mpakani naye huuliza asili, lakini swali lake ni la tatu, si lile la modeli wala lile la kiwanda tu: ataka kujua ni kazi na vifaa vya kiasi gani vilivyotoka ndani ya nchi zilizopatana, apate kutoza ushuru au kusamehe. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina kanuni zake za asili ya bidhaa kwa ajili hiyo. Na Marekani, kwa sheria ya mwaka wa 1992, kila motokaa mpya huuzwa na karatasi inayotaja asilimia ya vifaa vilivyotoka Marekani na Kanada, mahali ilipounganishwa mwisho, nchi ya injini na nchi ya giaboksi. Serikali yenye wahesabu wote wale haikuthubutu kuandika nchi moja tu. Sisi wa daftari moja tusione haya kuwa na safu zaidi.

Sasa nije kwetu, maana hapa ndipo wenzangu wengi walipogeuka. Mwaka wa 2011 wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Makerere walitembeza hadharani motokaa ya umeme ya watu wawili, Kiira EV. Vifaa vyake vingi viliagizwa kutoka nje. Wale waliosema “kitu ni cha mahali kilipoundwa” waliiandika ya Uganda kwa furaha, maana ilifungwa Kampala. Lakini niliwauliza: siku moja ikiwa Kiira yaunganishwa kwa masanduku katika nchi nyingine, kwa mikono ya watu wengine, mtakubali wenye mikono hiyo waandike modeli kuwa ni yao? Walinyamaza. Hawakutaka. Basi kama hatutaki ichukuliwe Kiira kwa sababu ya mikono, hatuwezi kuichukua 504 kwa sababu hiyo hiyo. Na yule anayehesabu vipande na kusema Kiira si yetu kwa kuwa betri ilitoka ng'ambo, na ahesabu pia vipande vya magari ya Ulaya. Ataona hata huko hakuna gari lililozaliwa katika nchi moja toka tairi hadi taa.

Walakini kipimo hiki kina ukali wake, wala sitaki kuuficha. Ukifuata michoro peke yake, watu wengi wa Afrika waliochomelea na kupaka rangi na kufunga injini kwa miaka hamsini hawataonekana popote katika daftari. Jasho lao litasomeka “Ufaransa,” “Ujerumani,” “Japani.” Hilo nalo ni uongo wa namna yake. Ndiyo sababu sikukubali safu moja ya nchi ibaki peke yake, ijapokuwa msimamizi wetu alisema safu nyingi hula karatasi. Daftari jipya lina safu tatu mahali pa moja: “Asili ya modeli,” “Imetokana na,” na “Nchi zilikoundwa.” Na mwishoni mwa daftari tumefungua kurasa za magari yenyewe, moja moja, kwa yale tuliyoweza kusoma namba zake au kupata shahidi.

Kwa hiyo mstari wa 504 sasa wasomeka hivi: Peugeot, 504, 1968, abiria na mizigo, asili ya modeli Ufaransa, haikutokana na nyingine ya daftari hili, iliundwa Ufaransa, Nigeria, Kenya, Argentina na kwingineko. Na katika kurasa za nyuma, gari la kwanza kabisa kuandikwa ni lile la mzee: liliunganishwa Kenya, kwa ushahidi wa mmoja wa walioliunganisha. Alipokuja tena siku ya wazazi nilimwonyesha. Alivaa miwani akausoma mstari wote polepole, akauliza kwa nini neno “Ufaransa” bado lipo. Nikamweleza habari ya kitabu na nakala. Akasema, “Haya. Lakini rangi andika ni yetu.” Tumeandika.

Bado liko gari moja lililotushinda. Nyuma ya karakana, karibu na tangi la maji, iko Land Rover kuukuu ya misheni, isiyo na injini, na kuku hutaga ndani yake. Kibati chake kimeng'oka na namba ya chasisi imeliwa na kutu. Asili ya modeli twaijua, gari hatulijui. Nyingine za namna hii zilikuja nchi zetu zimekamilika kutoka Solihull, na nyingine, tangu miaka ya 1970, ziliunganishwa Thika. Wakubwa zetu mliosoma hapa wakati huo, kama yuko mmoja wenu aliyepanda nyuma yake kwenda mpirani, au anayekumbuka mwaka ilipofika, au aliye na picha inayoonyesha namba yake ya barabarani, tafadhali amwandikie Mhariri. Mstari wake tumeuacha wazi katika ukurasa wa mwisho wa daftari.